Mama Asiye na Uso na Fisi Aitwaye Shenzi

Binti wa dada yangu ana miaka sita, na ana tabia ya kusimamisha video kwa kidole wakati wengine bado tunacheka. Jioni moja tulikuwa tumekaa kwenye mkeka tukitazama Tom na Jerry kwenye simu yangu. Paka amevunja sahani, mwanamke anaingia jikoni na ufagio, binti akabonyeza, picha ikaganda. Akaisogeza simu puani, akaiinamisha, akaichungulia kwa juu kama anayetafuta kilichojificha ukingoni mwa kioo. "Mjomba, huyu mama uso wake uko wapi?"

Nimeitazama katuni hiyo tangu enzi za kujazana sebuleni kwa jirani mwenye TV, na swali hilo halikuwahi kunijia. Soksi zimeshuka, ndala zinaburuzwa, aproni kiunoni, mkono mnene umeshika ufagio, na sauti inayotikisa nyumba: kwangu huyo alikuwa mwenye nyumba. Alimfokea Tom vilevile shangazi zangu walivyotufokea sisi tulipoingia ndani na matope. Mtoto wa uswahilini hakuona mtumishi pale. Aliona mama.

Hollywood ilikusudia mtu mwingine. Mama huyo yumo tangu katuni ya kwanza kabisa ya paka na panya hao, iliyotoka Februari 1940, na amezoeleka kuitwa Mammy Two Shoes. "Mammy" ni mtu wa siku nyingi katika fikra za Wamarekani weupe: mtumwa wa ndani, mnene, mweusi tititi, mkali wa mdomo lakini mwaminifu kwa mabwana zake, asiye na mume wala watoto wanaoonekana. Mwezi huohuo wa Februari 1940, Hattie McDaniel alipokea tuzo ya Oscar, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata, kwa kuigiza Mammy katika filamu ya Gone with the Wind, na usiku huo wa heshima alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake weupe. Mtazamaji wa Marekani wa siku zile hakuhitaji kuonyeshwa uso wa mama wa jikoni. Viatu, soksi na lafudhi ya kusini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sauti ya mwigizaji Lillian Randolph, vilitosha. Sehemu iliyobaki aliimalizia mwenyewe kichwani.

Na kazi hiyo ya kumalizia kichwani ndiyo inayonishughulisha kuliko matusi yenyewe. Tumezoea kuzungumzia ubaguzi wa katuni za zamani kana kwamba ni chuki iliyochovywa kwenye wino. Chuki ilikuwepo, sibishi. Lakini nimewahi kula kwa jasho la penseli, na ninavyoijua kazi hiyo, kilichotumika zaidi ni njia ya mkato. Sinema yenye sauti inakimbia fremu 24 kwa sekunde. Katuni ya dakika 7 ina fremu 10,080. Hata ukichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, ni michoro elfu tano na ushee, na filamu nyingine inasubiri mezani. Hakuna muda wa kumtambulisha mtu. Mtazamaji lazima amjue kabla hajafungua mdomo. Basi mchoraji anaokota picha ambayo imeshaganda vichwani mwa watu, kwa kuwa hiyo haimgharimu kitu.

Tujaribu. Chukua penseli, chora duara, lipake wino mweusi lote isipokuwa sehemu ya macho na mdomo, iache nyeupe. Macho yawe makubwa ya mviringo, mdomo mpana wa kufikia mashavuni. Shusha mwili mdogo mweusi, mikono na miguu kama vipande vya mpira wa kumwagilia bustani, bila kiwiko wala goti. Mvishe suruali na kofia ya duara: umempata Bosko. Mvue vyote, mwekee masikio ya pembetatu na mkia: Felix yule paka. Futa hayo, weka masikio mawili ya duara na mkia mwembamba, mrudishie kaptura, mwisho mvishe glavu nyeupe. Huyo wa mwisho sina haja ya kumtaja. Binti wa dada yangu anaye kwenye begi la shule.

Bosko leo hajulikani sana, ila ndiye anayesema ukweli wa familia. Hugh Harman alimsajili kisheria mwaka 1928, na kwenye usajili akaandikwa kuwa ni mtoto wa Kinegro. Mwaka 1929 Harman na mwenzake Rudolf Ising walimtengenezea filamu fupi ya majaribio, akazungumza kwa lafudhi ya Weusi wa kusini. Mwaka uliofuata akawa nyota wa kwanza wa Looney Tunes, mfululizo wa katuni wa kampuni ya Warner. Kisha lafudhi ikaachwa, sauti ikawa nyembamba ya kikatuni tu, na mtazamaji asiyejua alikotoka angeweza kudhani ni mdudu au mnyama fulani asiye na jina. Mtu mweusi alifutika, mchoro ukabaki. Na jina la Rudolf Ising huyohuyo ndilo lililoandikwa kwenye ile katuni ya kwanza ya paka na panya, ya mama mwenye ndala.

Felix naye ana ndugu asiyetajwa. Kabla paka huyo hajatokea mwaka 1919, studio ya Pat Sullivan ilikuwa ikitoa filamu za mtoto mweusi aitwaye Sammy Johnsin. Na panya maarufu, katika filamu yake ya 1928 ndani ya meli ya mvuke, anapiga muziki kwa kutumia wanyama, na wimbo anaoupiga ulijulikana pia Marekani kwa maneno ya jukwaani ya kumdhihaki mtu mweusi aliyejipamba. Mwaka 1933 mambo yaliwekwa wazi kabisa: katika Mickey's Mellerdrammer anajilipulia fataki mdomoni ili uso uwe mweusi, apate kuigiza mtumwa.

Jukwaa ninalolitaja ni lile la wazungu waliojipaka masizi ya vizibo vya chupa vilivyochomwa, wakauzungushia mdomo rangi nyeupe au nyekundu ili uonekane mpana, wakavaa glavu nyeupe, wakaimba na kucheza wakijifanya Weusi. Kuanzia miaka ya 1830, Thomas Rice alipopata umaarufu kwa kuigiza mtu aliyeitwa Jim Crow, burudani hiyo ilienea Marekani nzima, hata jina la mhusika huyo likaja kuwa jina la sheria za kutenganisha rangi. Wachora katuni wa mwanzo walilelewa na vicheko vya majukwaa hayo. Nicholas Sammond, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Toronto, anakwenda mbali zaidi: kwake panya na paka hawa hawakuazima chochote jukwaani, wao wenyewe ndio waigizaji wa masizi, wameongezewa masikio.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kipuuzi. Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, mkono mweusi ukipita mbele ya mwili mweusi unapotea, kwa hiyo glavu nyeupe zilikuwa suluhisho la kiufundi. Ni kweli. Panya wa 1928 hakuwa na glavu, alizivaa 1929, na ukitazama filamu hizo mbili kwa kufuatana utaona tofauti mara moja: mikono inasomeka. Lakini sababu mbili haziuani. Kulikuwa na njia nyingi za kufanya mkono uonekane. Iliyochaguliwa ni ile ambayo kila mtu studioni alikuwa ameshaiona kwenye mkono wa mtu aliyejipaka masizi, na ambayo watazamaji walishazoea kuichekea.

Sisemi begi la shule litupwe jalalani. Ninachosema ni kwamba masizi yalipooshwa, umbo halikuchorwa upya.

Afrika Mashariki nayo imo, na inaanzia bandarini Mombasa. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, wiki chache baada ya kuachia urais wa Marekani, alishuka pale na mwanawe Kermit kwa safari ya kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Walikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Baba na mwana waliua wanyama 512. Magazeti ya kwao yaliifuata safari hiyo hatua kwa hatua, na mwaka 1913 John Randolph Bray akatoa katuni ya kanali muongo muongo anayewinda Afrika, Colonel Heeza Liar, dhihaka ya wazi kwa Roosevelt. Bray hakuwa mchoraji wa vichochoroni. Studio yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuendesha katuni kama kiwanda, na yeye na Earl Hurd ndio waliomiliki hataza ya kuchora wahusika kwenye karatasi angavu za seluloidi zinazolazwa juu ya mandhari iliyochorwa mara moja tu, ufundi ulioilisha tasnia nzima hadi kompyuta ilipoingia.

Kwa hiyo mojawapo ya safari za kwanza za katuni za Marekani ilikuja pande zetu, na mimi hiyo sioni ubaya wake mkubwa, maana aliyechekwa ni mwindaji mwenye majigambo. Ubaya ulikuja kicheko kilipogeuzwa kuelekea kwa wenyeji. Ikifika miaka ya 1930, Afrika ya katuni ni chungu kimoja kikubwa kinachochemka. Disney walitoa Cannibal Capers mwaka 1930 na Trader Mickey mwaka 1932, ambamo panya anashuka na bidhaa zake, anakamatwa, anaandaliwa kuwa kitoweo, kisha anajiokoa kwa kupiga muziki. Hakuna mji, hakuna soko, hakuna lugha. Wapagazi wa 1909 walikuwa na manyapara, mishahara, mikataba, mahema, na Kiswahili kama lugha ya kazi. Ukitaka kuchora hayo yote inabidi uulize. Ukichora mfupa puani huhitaji kumuuliza mtu yeyote.

Kuna filamu moja ya mwaka huohuo wa 1932, ya studio ya Max Fleischer, inayonikosesha raha kila ninapoitazama kwa sababu ni nzuri. Inaanza na Louis Armstrong mwenyewe, mtu halisi, na bendi yake, tarumbeta inawaka. Halafu tunaingia kwenye katuni: Betty Boop ametekwa na wala watu, marafiki zake wawili wanakimbia, na nyuma yao kichwa cha mmoja wa wale wala watu kimeng'oka shingoni kinawafukuza angani. Kichwa hicho kinabadilika polepole kuwa uso wa Armstrong, akiimba. Watu walilipa kiingilio kwa ajili ya kipaji chake. Studio ilikihitaji kipaji hicho ili katuni iuzike. Na mahali pekee ilipoweza kumweka kwenye hadithi palikuwa msituni, miongoni mwa wenye vyungu.

Kuhusu miaka ya vita na iliyofuata sitachelewa. NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kililalamikia filamu ya Walter Lantz ya 1941, Scrub Me Mama with a Boogie Beat, iliyoonyesha mji mzima wa Weusi waliolala usingizi wa uvivu, hatimaye ikaondolewa. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists ilizifungia kabatini katuni 11 za Warner zisionyeshwe tena kwenye TV. Miaka hiyohiyo Disney waliikata kwenye Fantasia sehemu ya kijakazi mweusi, nusu binti nusu punda, anayezing'arisha kwato za wenzake weupe. Na mama mwenye ndala? Kwa ajili ya TV, timu ya mtengeneza katuni Chuck Jones ilimfuta na mahali pake ikachora miguu myembamba ya mwanamke mzungu. Waliona tatizo ni rangi ya miguu.

Mwaka 2005 katuni za Tom na Jerry zilipotolewa kwenye DVD, mwigizaji mweusi Whoopi Goldberg aliwekwa mwanzoni kuwaeleza watazamaji kwamba picha hizo ni za kibaguzi, lakini kuzificha ni sawa na kudai hazikuwahi kuwepo. Nakubaliana naye. Ila huyo Whoopi, miaka 11 kabla ya hapo, alikuwa ametoa sauti ya mhusika ambaye sisi wasemaji wa Kiswahili tuna haki ya kumjadili kuliko mtu yeyote. Fisi jike wa The Lion King. Anaitwa Shenzi.

Filamu ya 1994 ilipofika kwetu tulifurahi, tusijifanye hatukufurahi. Simba anaitwa Simba! Rafiki, Pumbaa, Sarabi. Wachoraji walikuwa wamekuja Kenya, wakatembea Hell's Gate na madaftari yao, na mwanga wa asubuhi ule waliuchora vizuri. Tulisamehe mengi. Tulisamehe kwamba Rafiki ni mandrili, mnyama wa misitu ya Gaboni na Kameruni, aliyehamishiwa savana na kuitwa nyani. Tulisamehe hata lafudhi yake ya Afrika ya kubuni, na kile kibwagizo cha "wewe nugu, mimi hapana". Baadaye tukaja kusikia kwamba Disney wamesajili "Hakuna Matata" kuwa alama yao ya biashara kwenye nguo, ombi wakiwa wamelipeleka mwaka uleule wa 1994. Mwaka 2018 watu wakatia saini mtandaoni kupinga. Mimi, kwa kuwa ni wa upande wa "hakuna shida", nilitazama ugomvi huo kwa mbali.

Lakini turudi kwa fisi. Wanakaa nje ya mpaka, mahali ambapo nuru haifiki. Wana njaa na wana kelele. Mkubwa wao ana sauti ya Whoopi, wa pili ya Cheech Marin, mchekeshaji mwenye asili ya Meksiko, na wa tatu hana hata maneno, anacheka tu. Wakosoaji wa Marekani walisema tangu mwanzo: hawa ni vijana weusi na Walatino wa mitaa duni, wamevishwa manyoya. Watetezi wakajibu kwamba Mufasa mwenyewe ni sauti ya James Earl Jones, mtu mweusi, ubaguzi uko wapi? Jibu hilo linachanganya ngozi ya mwigizaji na usemi wa mhusika. Jones alipewa Kiingereza cha mfalme. Fisi walipewa Kiingereza cha kona ya mtaa, na huo usemi ukawekwa upande wa pili wa mpaka, gizani. Ni zile soksi na ndala za 1940, safari hii kwa masikio: mtazamaji anasikia sentensi mbili na kichwa chake kinamalizia.

Hata fisi halisi walionewa. Wachoraji walipokelewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliokuwa wakifuga fisi kwa ajili ya utafiti na kujua kwamba ni wawindaji hodari, wenye jamii inayoongozwa na majike. Kitu kimoja kilibaki kwenye filamu: kiongozi ni jike. Na wakampa jina letu.

Sasa, neno hilo nani aliliunda? Hapa siwezi kuwanyooshea Disney kidole peke yao. Mshenzi, katika midomo ya pwani ya zamani, alikuwa mtu wa bara: asiye Mwislamu, asiyevaa kanzu, asiyejua adabu za mji, na mara nyingi yule ambaye aliweza kukamatwa akauzwa. Upande wa pili alikaa muungwana. Hata neno ustaarabu limembeba Mwarabu tumboni mwake. Walowezi wa Kenya walilikuta neno shenzi likiwa tayari limepikwa, wakalipakua kwenye Kiingereza chao kuitia mbwa koko na kitu chochote kichafu, na bila shaka watu. Ndilo lililopanda hadi California. Mtu aliyefungua kamusi kutafuta jina la mnyama wa gizani, mkorofi, wa nje ya mpaka, alilikuta letu, na maana yake ilikuwa inafaa barabara. Kwenye majumba ya sinema tulicheka kwa sababu lilikuwa jina sahihi. Nani miongoni mwetu alijiuliza ni sahihi kwa nani?

Ngano zetu zina fisi pia, nitaambiwa. Zinaye, na mlafi kuliko huyo. Lakini fisi wa bibi yangu alikuwa na ulafi wa mtu yeyote. Hakuwa na lafudhi ya Kinyamwezi wala ya Kimakua. Sungura vilevile: ujanja wake hauna kabila, ndiyo maana ndugu zake waliweza kuvuka bahari na watumwa, wakageuka Brer Rabbit wa Marekani, hadi Disney wakawachora mwaka 1946 ndani ya Song of the South, filamu yenye mzee mweusi mwenye furaha isiyoelezeka shambani, ambayo kampuni yenyewe haijawahi kuitoa kwa ajili ya kutazamwa majumbani huko Marekani. Kumfanya mtu mnyama si kosa. Tuangalie ni nani anayefanywa mnyama, na kwa muda gani. Binti mfalme mweusi wa kwanza wa Disney, Tiana wa 2009, ni chura kwa sehemu kubwa ya filamu yake mwenyewe. Mpiga piano mweusi wa filamu ya Soul, 2020, anauacha mwili wake na kuwa kivuli cha samawati, kisha anaingia kwenye paka, huku mwili wake ukitembezwa na roho yenye sauti ya Tina Fey, mwanamke mzungu. Sijui kama kuna aliyekaa mezani akapanga hivyo. Sidhani. Njia ya mkato haihitaji mpango.

Na ni filamu hiyohiyo ya Soul inayonipa mfano wa kinyume. Ndani yake kuna kinyozi. Tukio la dakika chache: kiti, shuka shingoni, wateja wanaosubiri huku wanachangia maongezi, kila kichwa na nywele zake, kila ngozi inapokea mwanga kwa namna yake, wa kahawia, wa chungwa, wa kijivu penye kivuli. Kemp Powers, mwandishi mweusi aliyeingia kwenye filamu hiyo na akaishia kuwa mkurugenzi mwenza, alijua kinyozi ni mahali gani. Nilipoliona tukio hilo nilinusa spiriti. Hakuna mtu pale anayemaliziwa na kichwa cha mtazamaji, kwa kuwa kila mmoja ameshachorwa mpaka mwisho.

Disney waliongeza maneno ya onyo mwanzoni mwa Dumbo, Peter Pan na nyinginezo mwaka 2020, wakikiri kwamba zina taswira mbaya za watu na tamaduni. Sawa. Mtoto wa miaka sita hasomi maonyo. Aliyemwonya binti wa dada yangu ni jicho lake mwenyewe, na nilichoweza kumfanyia ni kumtafutia katuni moja ya 1950 ambamo mama yule anakimbia kuelekea kamera na, kwa kufumba na kufumbua, uso wake unaonekana. Aliisimamisha mara nne kabla ya kuupata. Akautazama kwa muda. "Anafanana na mama wa chapati," akasema, akaachia video iendelee.

Kwetu kazi inafanyika. Dar es Salaam kuna Ubongo Kids tangu 2014. Nairobi walichora Tinga Tinga Tales mwaka 2010 kwa mtindo uliozaliwa kwa Edward Saidi Tingatinga, huku Tanzania. Mkenya Ng'endo Mukii alifanya Yellow Fever mwaka 2012, kuhusu ngozi zinazochubuliwa, na uchungu wake haukuhitaji fisi. Hizi nazitaja haraka kwa sababu ni nzuri na zinajitetea zenyewe. Kinachonikaa rohoni ni michoro yetu mingine, ile ya gazetini na ya vichekesho vya TV, yenye Mhindi wa duka anayehesabu shilingi na Mmasai mlinzi asiyejua swichi ya taa.

Huyo Mmasai nimemchora mimi. Ilikuwa saa tisa alasiri, mhariri anataka katuni kabla ya saa kumi na moja, mada ni wizi wa mitaani. Sikufikiri hata dakika. Shuka, rungu, masikio yaliyotobolewa yakining'inia hadi mabegani, macho ya mviringo, mdomo wazi kwa mshangao. Dakika 20, imekwisha. Nilitoka getini na nakala mkononi, na mlinzi wa zamu, kijana kutoka Simanjiro, sare ya bluu na buti, akaniomba aione. Aliishika kwa vidole viwili, akaiangalia kwa adabu kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa mwenzake.

"Huyu kaka anakwenda wapi na rungu mchana wote huu?" akauliza.

Nikamwambia ni mlinzi. Akanirudishia karatasi, akanifungulia geti.